Fomu inauliza kama umewahi kuachishwa kazi: uandike nini?

Msomaji wa Masasi ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Nina miaka 31 na nimekuwa karani na mtunza stoo tangu 2018. Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la korosho, mkataba wa msimu, ukaisha. Ya pili ni duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Waliniachisha 2022 kwa sababu mjomba alifariki Newala, nikakaa matangani siku saba bila ruhusa. Ya tatu ni kampuni ya usafirishaji, nikaachishwa 2024. Nilimwazima dereva lita 40 za dizeli sikuandika kwenye leja, stoo ilipohesabiwa zikaonekana hazipo. Sikuiba. Dereva hajarudisha mpaka leo, nami nikakatwa pesa yake kwenye malipo ya mwisho. Sasa namsaidia shemeji kwenye kibanda cha uwakala wa pesa. Nimeitwa usaili Mtwara, kazi ya mtunza ghala. Fomu inauliza: 'Je, umewahi kuachishwa kazi? Kama ndiyo, eleza.' Rafiki yangu anasema kazi ya 2024 niifute kabisa, na ile ya dukani niandike niliacha mwenyewe. Mama, nimefukuzwa mara tatu. Nikisema ukweli nani ataniajiri?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote tuhesabu upya, maana umejibebesha na mzigo usio wako. Hukufukuzwa mara tatu. Umeachishwa mara mbili. Ile ya ghala la korosho, mkataba ulifika tarehe yake na kila mtu akaenda kwake, hilo halina jina la kufukuzwa. Tena msimu wa 2018, Serikali ilipoingia kununua korosho yenyewe na jeshi likapewa kazi ya kusomba, hakuna mtu wa Mtwara au Lindi atakayekuuliza kwa nini kazi ya ghalani haikuendelea. Andika "mkataba wa msimu uliisha", weka kalamu chini.

Nalisema hili mapema kwa kuwa huku kwetu kila aliyetoka kazini husema "nimefukuzwa". Nimekaa ofisi za rasilimali watu Mtwara miaka mingi. Nimewasikia waliomaliza kandarasi zao bomba la gesi lilipokamilika 2015 wakisema wamefukuzwa, na waliopunguzwa kwa sababu kazi imepungua nao wakisema wamefukuzwa. Hata aliyesimamishwa wiki mbili kupisha uchunguzi, kisha akarudishwa, atakwambia alifukuzwa. Kijiweni si kitu. Kwenye fomu ya kazi unajishtaki kwa kosa ambalo hakuna aliyekushtaki.

Sasa rafiki yako. Anakupenda, ila ushauri wake atakayeulipia ni wewe. Ukiifuta kazi ya 2024, unabaki na shimo ambalo utalazimika kulijaza kwa uongo mwingine. Taarifa yako ya michango ya NSSF inaonyesha nani alikuchangia na miezi gani, na wapo waajiri wanaokwambia uilete. Pia unaomba kazi Mtwara, si Dar es Salaam. Hapa watu wa maghala, wa bandari na wa malori wanajuana kwa majina na kwa majina ya utani. Meneja wako wa zamani na meneja wako mtarajiwa wanaweza kuwa wanaswali msikiti mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisomi. Mwishoni mwa fomu kama hiyo huwa pana sentensi ndogo: "Nathibitisha kwamba maelezo niliyotoa ni ya kweli." Unatia saini. Uongo ukigundulika baada ya miaka miwili, unaitwa kikao cha nidhamu kwa ajili ya saini hiyo, hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Ukigundulika ndani ya miezi sita ya mwanzo ni vibaya zaidi, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda dhidi ya kuachishwa isivyo haki yule tu aliyetimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Kabla ya hapo huna pa kuegemea.

Nikusimulie niliyoyaona kwa macho yangu. Tulikuwa watatu mezani, tunasaili madereva wa foklifti. Akaingia kijana, shati jeupe limenyooshwa vizuri, bahasha ya kaki mkononi. Kwenye fomu aliandika kazi ya mwisho iliisha kwa "mkataba kumalizika". Mwenzetu mmoja aliwahi kufanya kazi palepale. Akamuuliza kwa upole, "Mikataba yenu ile si ilikuwa ya kudumu?" Kijana akaanza kukunja kona ya bahasha kwa kidole gumba. Akasema, basi, kulikuwa na tatizo la geti.

"Tatizo gani?"

"Geti liligongwa."

"Liligongwa na nani?"

"Na foklifti."

"Foklifti ilikuwa inaendeshwa na nani?"

Kona ya bahasha ikachanika. Nakuambia, geti lile tungemsamehe. Dereva wa foklifti ambaye hajawahi kugonga kitu, ama hajaendesha ama hasemi. Tulichoshindwa kumsamehe ni yale maswali matatu ya kumtafuta dereva wakati dereva ameketi mbele yetu.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kiswahili chetu kina mlango wa nyuma mzuri sana wa kutorokea. Sahani imevunjika. Pesa zimepotea. Mambo yakaharibika. Hasara ikatokea. Vitenzi hivyo vyote vimekamilika na havina mtendaji, na tumevizoea tangu utotoni, tulipomwambia mama kikombe "kimeanguka". Anayekusaili naye alivunja vikombe kwao. Akisikia "dizeli ilionekana haipo" anajua kuna mtu amejificha nyuma ya kitenzi. Hata barua yako kwangu, angalia: "zikaonekana hazipo". Lakini kabla ya hapo uliandika vizuri kabisa: "nilimwazima", "sikuandika". Vitenzi hivyo viwili ndivyo vya kwenda navyo kwenye usaili.

Tuanze na mjomba, maana hili nina la kusema.

Mwaka ule wa 2022 sheria ilikupa angalau siku nne za ruhusa yenye malipo katika mzunguko mmoja wa likizo, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wako, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Umemwona mjomba hapo? Hayumo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unakofuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli, na kijana atakayeondoka matangani siku ya pili kwa sababu ya zamu ya dukani atasemwa mpaka wanawe wasemwe. Waliotunga orodha ile hawakumwona mjomba wa Newala. Kwa hiyo uchungu wako nauelewa.

Lakini hukuachishwa kwa kwenda msibani. Uliachishwa kwa kutoonekana. Siku saba ukitoa Jumapili ni siku sita za kazi, na kanuni za utendaji bora za 2007 zinataja kutokuwapo kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi kuwa jambo linaloweza kumfikisha mtu kwenye kuachishwa. Hukuniambia kama ulipiga simu. Kama ulipiga siku ya kwanza, sema ulipiga na ulimwambia nani. Kama hukupiga, basi kosa ni hilo, na ndilo la kutaja. Usianze kumweleza meneja aliyetoka Moshi au Arusha habari za ukoo wa Kimakonde kwa dakika kumi. "Mjomba wangu alifariki, nikakaa Newala siku saba na sikuomba ruhusa" inatosha. Akitaka kujua zaidi atauliza.

Na tafadhali, usimgeuze mjomba kuwa baba ili msiba uenee kwenye sheria. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtu anasema baba alifariki 2022, halafu ukurasa wa pili wa fomu, pale pa ndugu wa karibu wa kupigiwa simu, ameandika jina la baba na namba yake.

Dizeli ni nzito kuliko msiba, na ujue kwa nini. Unaomba kazi ileile: kutunza mali ya mtu na kuandika kinachoingia na kinachotoka. Atakayekusaili hatahangaika sana na lita 40. Anajiuliza kama dereva wake naye atakuja jioni akisema "kaka nisaidie kidogo", na wewe utafanyaje.

Itafute barua ya kuachishwa uisome upya, neno kwa neno. Imeandika nini: kukiuka taratibu za stoo, uzembe, au kukosa uaminifu? Hayo si mamoja. Uzembe mkubwa na kukosa uaminifu kupita kiasi yote yanaweza kumwachisha mtu kazi, lakini anayesoma "kukosa uaminifu" anaelewa wizi. Utakachosema kisigongane na barua, kwa sababu barua inaweza kufika mezani kabla yako. Ikiwa imeandika kukosa uaminifu na wewe hukubaliani, sema hivyo waziwazi: barua inasema hivi, nilichofanya ni hiki, mwenye kutaka kuhakikisha ampigie fulani. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yalitakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi, ila kwa jambo la 2024 ambalo mwenyewe unakiri hukuandika leja, mimi nisingepoteza nauli.

Neno "sikuiba" liache nyumbani. Hakuna aliyekuuliza. Ukilitamka wewe wa kwanza, ndilo litakalobaki mezani ukishatoka. Sema ulichofanya, nao wataona wenyewe kwamba si wizi, hasa wakisikia ulilipa.

Kwenye fomu, nafasi waliyokupa najua ni mistari miwili mitatu. Usigeuze karatasi ukaendelea nyuma. Mimi ningeandika:

"Ndiyo, mara mbili. 2022: nilikaa msibani siku 7 bila kuomba ruhusa. 2024: nilimwazima dereva dizeli lita 40 bila kuandika kwenye leja, gharama nililipa. Nitaeleza nikihitajika."

Basi. Huoni hapo "kwa bahati mbaya", wala "kutoelewana na uongozi". Hilo la kutoelewana na uongozi sisi wa upande wa pili wa meza tukiliona tunatazamana.

Mdomoni nako usizidishe. Jaribu hivi, kwa maneno yako mwenyewe:

"Nilikuwa mtunza stoo. Dereva aliniomba lita 40 akasema atarudisha, nikampa, sikuandika. Stoo ilipohesabiwa nikashindwa kuonyesha karatasi, wakaniachisha na wakanikata gharama. Kosa langu ni kutoa mali bila kuandika. Sasa nipo kwenye uwakala wa pesa, kila jioni nafunga hesabu ya keshi na floti kabla ya kufunga kibanda."

Ukifika hapo, nyamaza. Pagumu ni hapo. Patakuwa na kimya, mtu ataandika kitu, feni itazunguka, na utahisi lazima uongeze. Ukiongeza utaanza kumsema dereva, kisha meneja, kisha mhasibu aliyekuchukia. Jina la dereva halihitajiki hata kidogo. Na usiseme vibaya juu ya kampuni ile hata kama walikudhulumu, kwa sababu anayekusikiliza anajiwazia siku utakapokuwa unamsema yeye.

Swali litakalofuata nalijua, nimeliuliza mwenyewe mara nyingi: "Dereva wetu akija saa mbili usiku anataka mafuta na meneja hapokei simu, utafanyaje?" Usijibu "sitampa" kwa haraka, kana kwamba umekariri. Ghala halisi lina dharura. Jibu kama mtu wa kazi: utauliza utaratibu wao wa dharura ni upi, nani anaidhinisha meneja asipopatikana, na kwamba hata ukiruhusiwa kwa simu utaandika palepale, dereva atasaini, na asubuhi karatasi itakuwa mezani kwa mkubwa. Jibu hilo anaweza kulitoa aliyewahi kuungua tu. Hapo lita zako 40 zinaanza kukufanyia kazi.

Kile kibanda cha shemeji umekitaja kama jambo la aibu, "namsaidia". Mwanangu, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyoniandikia. Uwakala usipofunga hesabu kila siku unajua kesho asubuhi. Je, mnaweka daftari? Kama lipo, nakili kurasa mbili tatu za majumlisho ya jioni, bila majina wala namba za wateja, hizo si zako za kuonyesha. Kama halipo, anza leo jioni. Daftari la siku kumi lililo la kweli linatosha, na ukiulizwa sema ni la siku kumi. Usikae ukatunga miezi ya nyuma. Wino mmoja, mwandiko uleule wa haraka, kurasa zisizo na doa la chai: mtunza ghala yeyote anautambua mchezo huo, na wanaokusaili ni watunza ghala.

Wadhamini. Umeandika nani? Bila shaka umeruka kampuni ya 2024. Si lazima meneja aliyekuachisha, lakini tafuta mtu mmoja wa kule: msimamizi wa zamu, au karani mliyehesabu naye stoo. Mpigie kabla ya usaili, umuulize wazi, "Wakikupigia, utasema nini?" Akigugumia, mshukuru na utafute mwingine. Dukani nako vivyo hivyo. Ukipita huko, ulizia cheti cha utumishi kama hukupewa. Sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma, na haikuwatoa walioachishwa kwa nidhamu. Cheti kinathibitisha ulifanya kazi hapo, na kwa mtu mwenye historia kama yako kila karatasi ya kweli ina uzito.

Yapo usiyopaswa kusema pia, nisije nikakufanya mtu wa kuungama kila mlangoni. Kwenye wasifu wako weka kazi, mahali, na tarehe. Sababu za kuondoka hazikai huko, wala kwenye barua ya maombi. Wakikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani na mahakama, jibu ni hapana, kama hujawahi. Kikao cha nidhamu cha kampuni si mahakama, na nimeona watu wakijaza "ndiyo" kwa kuchanganya hayo mawili wakajifungia mlango bure. Wakiuliza kwa nini uliondoka ghala la korosho, msimu uliisha. Usiwaongezee.

Watakuajiri? Wengine hawatakuajiri. Wapo waajiri ambao wakiona "ndiyo" kwenye lile swali hawasomi mstari unaofuata, hao huwezi kuwafanya chochote, na usikae unawahesabu. Lakini umeitwa. Watu walioona wasifu wako na miaka yako ya stoo wameamua wanataka kukuona, na ghala linataka mtu anayejua tofauti ya kuhesabu magunia na kuhesabu karatasi za magunia.

Kutoka Masasi usipande basi la alfajiri ya siku ileile, njoo siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Chukua barua zote mbili za kuachishwa, nakala ya fomu uliyojaza, na zile kurasa za daftari. Barua usizitoe mpaka ziombwe.

Na yule dereva, zile lita 40 sasa ni zako, umeshazilipia. Mdai.